Tailscale kwenye kompyuta ya nyumbani Tororo nikiwa kazini Malaba: tathmini yangu

Ofisi ninayofanyia kazi iko Malaba, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Kazi yetu ni kutoa mizigo forodhani, na mtandao wa ofisi umefungwa kisawasawa. Video hazifunguki, barua pepe binafsi hazifunguki, na sehemu za kuhifadhi mafaili mtandaoni hazifunguki. Nyumbani kwangu Tororo nina kompyuta ya mezani ambayo haizimwi. Siku hizi saa ya chakula naunganisha laptopu yangu na kompyuta hiyo, intaneti inapitia nyumbani, na kila ninachokihitaji kinafunguka. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa Tailscale. Nitaipima pamoja na mashine, rauta na umeme vinavyoibeba, kwa sababu ukiipima peke yake utapata jibu la uongo.

Kwanza niseme wazi kwamba silaumu ofisi kwa kuweka chujio. Kabla halijawekwa, bando la ofisi lilikuwa likiisha kwa mechi za mpira na filamu, halafu entri, yaani tamko la mzigo, inakwama kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, na dereva yuko dirishani anauliza karatasi zake. Lori linalolala mpakani ni pesa ya mtu. Tatizo langu ni kwamba chujio linapanga tovuti kwa mafungu, na somo la mwalimu anayeeleza namna ya kukokotoa thamani ya forodha kwa CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na nauli yake) limewekwa fungu moja na filamu. Mimi nasomea cheti cha uwakala wa forodha. Masomo yetu yamerekodiwa kwa video, na kazi za kufanya ziko kwenye Google Drive. Jioni nikifika nyumbani kuna watoto, kuna chakula, na mara nyingi giza. Saa yangu ya kusoma ni ile moja ya mchana.

Kwa hiyo nilimwendea meneja.

"Bosi, naomba saa ya chakula nitumie laptopu yangu na waifai ya ofisi, niingie kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Ni kwa ajili ya masomo."

"Itagusa mashine za entri?"

"Haitagusa."

"Basi sawa, dada yangu. Mchana tu. Na lori likiingia unafunga."

Naweka mazungumzo hayo hapa kwa makusudi. Nawaomba wenzangu wote wa ofisi za mpakani wafanye vilevile kabla ya kusakinisha chochote. Kwenye mashine zetu kuna ankara za wateja, TIN zao, nakala za pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatubana sote tunaoshika karatasi za watu. Ukichimba handaki, yaani njia iliyofichwa ya mtandao, kutoka kwenye kompyuta ya ofisi hadi nyumbani kwako, umeunganisha nyaraka za wateja na chumba ambacho watoto wako wanachezea gemu. Mimi siwezi kufanya hivyo, na ninayemthamini simshauri afanye. Laptopu iwe yako, saa iwe yako, na mkubwa wa kazi ajue.

Watu wengi wataniuliza kwa nini nisipakue tu VPN ya bure, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, kama kila mtu. Hapa Uganda neno VPN tulilijua wote Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na Twitter. Mpaka bibi wa sokoni alikuwa na programu ya VPN kwenye simu. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, lakini mazoea yalibaki. Sasa jiulize: huyo anayekupa seva ya bure Ulaya au Marekani, anailipia na nini? Kila unachofungua kinapita mikononi mwake. Hujui jina lake, hujui anaishi wapi. Juu ya hayo, machujio ya maofisini yana orodha za anwani za VPN zinazojulikana, kwa hiyo nyingi hazifanyi kazi. Anwani ya nyumba yangu Tororo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Na mwenye seva ni mimi.

Kabla ya Tailscale kulikuwa na njia ya wazee, na bado naiheshimu: SSH, programu ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta iliyo mbali. Iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen kule Finland, na mpaka leo mafundi wa seva duniani kote wanaitegemea. Unaweka seva ya SSH kwenye kompyuta ya nyumbani, kazini unafungua PuTTY, programu ya kuunganisha na seva hiyo, unaiambia itengeneze SOCKS, yaani njia ya kupitishia intaneti, kisha unaielekeza Firefox ipitie humo. Ofisi ikifunga mlango namba 22, yaani namba ambayo SSH hupitia kwa kawaida, unahamishia seva yako kwenye 443, ambao ofisi nyingi huuacha wazi kwa sababu ndio wa tovuti za https. Ni safi, ni nyepesi, haina kampuni katikati. Ukiwa na intaneti ya waya yenye anwani yake ya umma, sioni sababu ya kutafuta kingine, mradi uingie kwa funguo na uzime nywila kabisa, kwa sababu seva ya SSH iliyo wazi kwenye intaneti hubishiwa hodi na mashine za wahuni usiku na mchana.

Lakini wangapi kati yetu Tororo, Busia au Mbale tuna intaneti ya waya? Nyumbani tuna rauta ya 4G yenye laini ya simu ndani. Na hapo ndipo SSH inapogonga ukuta. Kampuni za simu hazina anwani za kutosha kumpa kila mteja yake, kwa hiyo wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja. Mafundi wanaiita CGNAT. Ni kama ploti yenye vyumba vingi vya kupanga na geti moja: wewe unaweza kutoka na kurudi upendavyo, lakini mgeni akifika getini askari hajui akuitie chumba kipi. Ukitaka kujua kama uko humo, fungua ukurasa wa rauta yako uangalie anwani iliyopewa na mtandao. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya geti. Ikianza na 10, vilevile. Hapo utafungua milango ya rauta mpaka uchoke na hakuna mgeni atakayeingia.

Tailscale inalimaliza tatizo hilo kwa namna iliyonifurahisha nilipoielewa. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayotoka kwanza, laptopu ya kazini nayo inatoka, zote mbili zinajitambulisha kwa seva ya Tailscale, kisha zinasaidiwa kutafutana. Hakuna anayehitaji kufunguliwa mlango wa kuingilia. Usimbaji wake, yaani kuficha data isisomeke njiani, ni wa WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, ile ambayo Linux iliipokea ndani ya kiini chake mwaka 2020. Funguo za siri hubaki kwenye mashine zako, kwa hiyo seva ya Tailscale inawakutanisha wawili bila kuweza kusoma wanachosemezana. Kwa mtu binafsi ni bure.

Kuisakinisha ni rahisi kweli. Mashine yangu ni Dell OptiPlex iliyotumika, zile ndogo zinazokaa chini ya meza, ina Windows. Unapakua, unaingia kwa akaunti ya Google au Microsoft, unaichagua iwe kituo cha kutokea, yaani intaneti ya vifaa vyako vingine itokee hapo. Kisha unakwenda kwenye ukurasa wa usimamizi wa akaunti yako na kuikubalia. Hatua hii ya kukubalia watu wengi huiruka, halafu wanasema haifanyi kazi. Kwenye laptopu unaweka programu ileile, akaunti ileile, unachagua kutumia kituo kile cha kutokea. Basi. Ukiuliza tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako, itakuambia uko kwenye laini ya nyumbani.

Sehemu ngumu ni umeme, na hapa nitakaa kidogo, maana miongozo mingi imeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Tororo umeme ukikatika saa nne asubuhi na kurudi saa tano, kompyuta ya kawaida itabaki imezima mpaka mtu aibonyeze. Nyumbani mchana hakuna mtu. Kwa hiyo washa mashine, na alama ya Dell inapotokea bonyeza F2 mfululizo mpaka uingie kwenye mipangilio ya ndani. Tafuta usimamizi wa umeme, kisha kipengele kinachoitwa AC Recovery. Kwa kawaida kimewekwa Power Off. Kiweke Power On, hifadhi, toka. Sasa fanya jaribio la kweli: chomoa waya ukutani, hesabu mpaka kumi, chomeka. Feni inapaswa kuvuma bila wewe kugusa chochote.

Inavuma, unafurahi, na bado hujamaliza. Mashine imewaka lakini imesimama kwenye ukurasa wa nywila ya Windows, na Tailscale ya Windows kwa kawaida husubiri mtu aingie ndipo iunganishe. Hili halionekani ukiwa nyumbani, kwa sababu ukiwa nyumbani lazima utaingia. Litaonekana ukiwa Malaba. Dawa yake imo ndani ya Tailscale yenyewe: bofya alama yake karibu na saa, nenda kwenye mapendeleo, weka tiki kwenye Run unattended. Kuanzia hapo inaunganisha hata kama hakuna aliyeingia. Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uifanye mashine isilale kamwe. Skrini izime kabisa, haina kazi. Mwisho, rauta yako nayo lazima iwe ya kuwaka yenyewe umeme ukirudi. Nyingi huwaka, ila zile ndogo za mfukoni zenye kitufe hubaki zimezima.

Kuna jambo lingine la kuzima mapema. Tailscale hutaka kila kifaa kijitambulishe upya baada ya siku 180. Kwa laptopu ni sawa, ni ulinzi mzuri, iache. Kwa kompyuta ya nyumbani itakukatikia siku ambayo hukuitazamia, tena ukiwa mbali nayo. Kwenye ukurasa wa usimamizi unaweza kuzima ukomo huo kwa kifaa kimoja tu. Fanya hivyo siku ileile unayosakinisha.

Gharama ya umeme ni ya kuhesabu pia. OptiPlex iliyotulia bila kazi hula wati 25 hivi. Kwa saa 24 ni zaidi kidogo ya nusu uniti, kwa mwezi uniti 18. Kwenye Yaka yangu, mita ya umeme wa kulipia kabla, inaonekana. Mtu anayeanza upya leo namshauri aangalie Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana inayokula wati chache tu na kufanya kazi hii bila shida. Mimi OptiPlex nilikuwa nayo tayari na watoto wanaitumia kwa kazi za shule, kwa hiyo nimeridhika.

Sasa bando. Hili ni la kulielewa kabla hujaamua. Ukitazama video ya MB 300 kupitia kompyuta ya nyumbani, ile video inashuka kwanza Tororo, MB 300, kisha inapanda tena kutoka Tororo kuja kwako, MB 300 nyingine. Laini ya nyumbani inakatwa MB 600 kwa video moja. Tangu Julai 2021 data yetu ina kodi ya asilimia 12, kwa hiyo kila MB inayopita mara mbili ina kodi yake mara mbili. Niliacha kutazama video kwa ubora wa juu. 360p inatosha kumsikia mwalimu na kusoma ubao wake. Na kwa masomo ambayo najua nitayahitaji, kompyuta inayapakua usiku kwa bando la usiku, mchana mimi nachukua faili tu.

Kasi nayo inaamuliwa na mahali ambapo watu hawapaangalii. Sote tunanunua rauta kwa kuangalia inashusha kwa kasi gani. Hapa kinachohesabika ni inapandisha kwa kasi gani, kwa sababu kila unachokiona kazini kimepandishwa kutoka nyumbani. 4G nyingi hupandisha taratibu kuliko zinavyoshusha, na jioni mnara ukijaa ni mbaya zaidi. Bahati yangu ni kwamba mchana mtaani kwetu watu wako shambani na sokoni, mnara uko mtupu.

Kuna wakati mashine mbili hazifaulu kukutana ana kwa ana, hasa zikiwa zote nyuma ya mageti ya aina niliyoeleza, au ofisi ikiwa imefunga kila kitu isipokuwa tovuti. Hapo Tailscale hupitisha mawasiliano kwenye vituo vyake vya kupokezana, kwa mlango uleule wa 443, yakiwa bado yamesimbwa. Nairobi kuna kituo. Kwa hiyo somo langu linaweza kutoka Tororo, likaenda Nairobi, likarudi Malaba, wakati boda inanifikisha nyumbani kabla chai haijapoa. Ukiandika tailscale status kwenye dirisha la amri utaona neno relay kama unapitia huko, au direct kama mmekutana. Kwa barua pepe na mafaili hutaona tofauti kubwa. Kwa video utaiona. Naona ni haki kabisa, kwa sababu njia nyingine pale ingekuwa kukatika.

Niseme na jambo ambalo limewakatisha tamaa wenzangu wawili niliowaonyesha. Handaki hili linatokea nyumbani kwako, na nyumbani kwako ni Uganda. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, wiki ya uchaguzi. Ukiwa kazini na kupitia Tororo, bado uko Uganda, na Facebook bado haifunguki. Intaneti ikizimwa nchi nzima kama ilivyozimwa siku zile, kompyuta yako imezimwa pamoja nawe. Njia hii inakupa uhuru wa nyumba yako, kwa mipaka ya nyumba yako. Mimi nilikuwa nahitaji hicho hasa: madaftari yangu, mafaili yangu, masomo yangu.

Na faida ambayo sikuitegemea imekuwa kubwa kuliko video. Kompyuta ya nyumbani sasa ninaifikia kutoka popote. Mwanangu akikwama kwenye kazi ya shule siku ya likizo, namfungulia faili kutoka Malaba. Printa ya nyumbani nayo iko kwenye mtandao huo. Mdogo wangu aliye Kampala nimempa njia ya kufikia folda moja tu, ya picha za familia, na mengine hayaoni. Nikiwa kwenye waifai ya hoteli au ya stendi, nawasha kituo cha kutokea na hakuna wa jirani anayechungulia ninachofanya. Ndiyo maana sitaiita programu ya kukwepa ofisi. Ofisi ilinifanya niitafute, lakini ningeibakiza hata chujio likiondolewa kesho.

Tahadhari moja ninaisema kwa uzito wote. Anayeishika akaunti yako ya Google anaingia nyumbani kwako: kwenye kompyuta, kwenye printa, kwenye kila kitu ulichounganisha. Washa uthibitisho wa hatua mbili kabla hujapakua Tailscale. Usiingie kwa akaunti ambayo nywila yake inajulikana na shemeji, na ukiuza simu au laptopu, kaifute kwanza kwenye ukurasa wa usimamizi. Wale wanaofungua mlango 3389 wa Windows moja kwa moja kwenye intaneti ili waone skrini ya nyumbani, nawasihi waache leo. Ukitaka kuiona skrini, ipitie ndani ya Tailscale, na mlango ule ubaki umefungwa kwa dunia.

Programu yenyewe naipa tano kati ya tano. Mpangilio mzima, ukijumlisha bando linalokatwa mara mbili na uniti za Yaka, naupa nne. Kama ofisi yako iko Kampala na nyumba iko Mukono yenye intaneti ya waya, anza na SSH kwanza, huenda ikakutosha. Kama uko kwenye rauta ya laini ya simu kama mimi, usipoteze wikendi kwenye milango ya rauta. Weka Tailscale, rekebisha AC Recovery, weka ile tiki ya Run unattended, chomoa waya ukutani ujaribu, kisha nenda kazini ukamwambie bosi.